Meza Ambako Watu Hawakusaini Batri

Nsimire mwana wangu,

Wewe na mama yako muko Mudaka kuaga koko, mama wa mama yako, na kwa mvua hii sizani kama mutafika hapa mbele ya saa kumi na moja. Nilisema siendi kwa sababu goti linaniuma. Goti haliumi. Nilitaka nyumba inyamaze kidogo nikuandikie, maana kwa mudomo ningetia mizaha tu, unanijua, na jambo lingepita pembeni tena. Ni miaka kumi na tatu linapita pembeni.

Mambo ya pasporti, ya kutoweka feza zote mahali pamoja, ya kutokula kitu cha mutu usiyemujua mu basi, hayo mama yako ameshayasema na atayasema tena. Mimi niko na neno moja tu. Linamuhusu Tonton Mugisho, yule unaenda kukaa kwake Kampala ukajifunze ufundi wa simu. Wiki iliyopita ulikuwa unapanga nguo, ukacheka, ukaniambia: "Papa, kule nitakuwa nalalia simu yangu. Kwa nyumba ya mwizi, mutu analalaka na jicho moja wazi." Mama yako alicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Univumilie, nianze mbali. Ukisoma mwisho bila mwanzo utanichukia haraka sana, na mimi nataka unichukie polepole, ukiwa umeelewa.

Wakati ungali unanyonya, mimi na Mugisho tulikuwa na meza moja ku soko la Kadutu, hapa Bukavu, chini ya parasoli iliyopasuka. Yeye alikuwa mikono, mimi nilikuwa kinywa. Mugisho alikuwa anaweza kufungua simu macho yamefungwa, lakini kumusalimia muteja ilikuwa kazi ngumu kwake, angeinamisha kichwa kama mutu anayeungama. Mimi, hata kufunga skurubu vizuri sijui mupaka leo. Lakini mutu akipita mbele ya meza nikamuita, anarudi. Hivyo tuligawana kazi, na ilitembea.

Kosa langu la kwanza halikuwa zambi, lilikuwa kiburi. Siku zile ziliingia simu za aina mbili. Kampuni zao ziko na majina ya kizungu, lakini sokoni zilibatizwa upya. Moja iliitwa Jiwe, kwa sababu ilikuwa nzito na ukiiangusha ku sakafu ya sima inaamuka yenyewe. Ingine iliitwa Kifaranga, kwa ile sauti yake. Jiwe ilikuwa nzuri, ee mwana! Ukiishika unajiona uko na cheo. Nikasema tutauzisha Jiwe tu. Mugisho akafungua moja, akaiangalia ndani, akaifunga.

"Ndeko, hii simu haina ndugu."

"Ndugu gani tena?"

"Chaja yake haiingii mu simu ingine. Batri yake ni yake peke yake. Kioo chake nimeuliza muji yote, hakuna. Siku itakufa, itakufa yatima."

"Aka! Batu banatafuta simu ao banatafuta ukoo?"

Nilijicheka mwenyewe kwa furaha, vile nilikuwa nimesema vizuri. Kabla ya mwaka kuisha zile Jiwe zikaanza kurudi. Hazikurudi nyingi, ilikuwa simu ya nguvu kweli. Lakini ile iliyopasuka kioo ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nasema "kioo kiko njiani, kinakuja," wiki kwa wiki, mupaka watu wakaanza kunisalimia hivyo: "Papa Nsimire, kioo kimefika wapi?" Pasta mumoja wa Nyamugo alibeba Jiwe yake iliyokufa mu mufuko wa koti muda murefu, juu ya heshima tu. Kisha hata yeye akanunua Kifaranga.

Kifaranga, mwana wangu, ilikuwa simu mbaya. Nyepesi kama kiberiti. Lakini chaja yake ilikuwa na kichwa kimoja kwa aina zote. Batri moja inaingia mu simu saba. Ukienda Bunyakiri, mama anayeuzisha chumvi na sabuni ameitundika ku musumari, batri ya Kifaranga, kati ya mishumaa na vibiriti. Simu ikizimika mu matanga, unauliza tu, "Nani iko na chaja ya Kifaranga?" na mikono kumi inanyanyuka, hata ya wafiwa. Na makava! Kava ya Bikira Maria, kava ya timu ya mupira, kava ya rangi ya kitenge cha ndoa. Kuna mabinti walikuwa wananunua kava mbele ya kupata simu yenyewe. Meza yetu ilianza na batri mbili ku sanduku, tukamalizia na ukuta muzima wa kava, kamba, ekuteri za masikio na bafle ndogo za muziki, vyote vinazunguka kale ka simu kabaya.

Watu walisema ni ile gari ya kampuni iliyopita na muziki, ni zile kuta walizopaka rangi ya kijani. Mimi pia nilisema hivyo. Nilipaka meza yetu kijani, nikavaa shati lao mupaka likawa kitambaa cha kupangusa. Mugisho aliniangalia tu, akasema rangi haichaji simu.

Nilikuja kuelewa nimechelewa. Jiwe iliahidi kwamba haitaharibika. Ile ni ahadi ya kiburi, hakuna kitu chini ya jua kinaweza kuitimiza. Kifaranga iliahidi kidogo zaidi: nikiharibika, utapata mutu. Hiyo tu. Na yule mutu alikuwa ni sisi, ni mama wa chumvi, ni jirani na chaja yake. Kampuni ilitengeneza simu, lakini yale mapenzi iliyokula ni sisi tuliyapika, na ilikuwa inajua. Mutu akisha kuwa na chaja mbili, kava tatu na batri ya akiba, hawezi tena kuhama kirahisi, itabidi atupe nyumba nzima. Inaanza kama mapenzi, kisha inakuwa kamba, na mwenyewe hajui ilibadilika siku gani. Ukiwa fundi utaishi kwa kushika ncha ya ile kamba. Mimi niliishika vibaya.

Unajua desturi ya kusaini batri. Mutu akiacha simu kwa fundi, anafungua kwanza mugongo, anaandika jina lake ku batri na verni, ile rangi ya kucha, ao anakwaruza na sindano, kwa sababu mafundi wanatoaka orijinali wanarudisha kopi. Ni haya kubwa, lakini muji wote unafanya hivyo na hakuna anayekasirika. Sasa, kwa meza yetu, watu waliacha kusaini. Ilianza na mumoja, wawili, kisha wote. Siku moja mugeni alitoa verni yake pale mbele yetu, na bibi mumoja wa Walungu akamukemea: "Weka ile kitu mu sakoshi, papa. Hapa hatuandikake jina." Mugisho aligeukia ukuta kwa sababu machozi yalimujia. Mimi nilitangaza yale maneno ya yule bibi soko lote, kama ni mimi niliyeyanunua.

Yule bibi aliitwa Maman Cibalonza. Alikuwa anauzisha maharagi. Mujane. Mutoto wake mumoja aliyebaki alikuwa anachimba zahabu kule Shabunda, na kila Siku ya Mungu alikuwa anapanda kilima kutafuta rezo ya simu ili amupigie mama yake. Kumbuka jina lake, linakuja.

Kisha kampuni ikashiba. Walileta Kifaranga mupya, mugongo haufunguki, batri imegandishwa ndani, na chaja ya kichwa kingine. Batri orijinali za zamani ziliacha kuja. Zikajaa kopi, ziko na karatasi ile ile, muhuri ule ule, na baada ya wiki mbili zinavimba kama andazi. Lakini watu walishikilia Kifaranga zao za zamani, kwa sababu chaja iko mu kila nyumba. Wakawa wanakuja wametoka mbali: "Kwa Papa Nsimire njo kunapatikanaka ile ya kweli."

Ningesema "haiko." Neno moja, hata mutoto wa chekechea analiweza. Sikuliweza. Ile shida ya vioo vya Jiwe ilikuwa imeniachia kidonda: niliapa sitakuwa tena mutu wa "iko njiani." Siku moja akaja motari, dereva wa pikipiki wa njia ya Bunyakiri, anataka orijinali, wenzake watatu wako nyuma yake wanasikiliza. Mugisho alikuwa ameenda kula. Ku sanduku kulikuwa na simu ya Maman Cibalonza, ameiacha tuangalie mikro ya kusemea. Nikafungua mugongo. Skurubu sijui, lakini mugongo wa Kifaranga hata kuku anaweza kuufungua. Nikatoa batri yake nikamupa motari, nikaweka kopi mahali pake. Motari akaondoka ananisifu.

Ile jioni nilijiambia ni mara moja. Haikuwa mara moja, Nsimire. Sijui ni batri ngapi. Na sikiliza ubaya wake wote: wageni waliosaini, sikuwagusa. Nilichukua kwa wale wasioandika jina. Nilimuibia mutu kwa sababu ananiamini, ili ingine aendelee kuniamini.

Mugisho alianza kushangaa. "Ndeko, simu tulizomaliza Jumamosi zinarudi Jumatano. Nini?" Nikamujibu ni umeme wa huku unapanda na kushuka, unaunguza batri. Alinisadiki. Hata yeye alikuwa ameacha kuandika jina.

Maman Cibalonza alirudi mara nyingi. Simu yake ilikuwa inakufa baada ya dakika chache. Siku moja alikaa ku kibao chetu akaanza kulia kabisa, ameshika kitenge ku mudomo. "Mutoto wangu ananikatiaka simu. Naanza tu kumuuliza habari, anakata. Nilimukosea nini?" Hakujua ni batri. Alizani ni moyo wa mutoto wake. Na mimi, kinywa cha meza, mimi niliyejua, nilimuambia: "Maman, vijana beko vile." Nilimupa na kava ya bure, ya Bikira Maria.

Nimeandika mistari hii nikatoka inje kusimama ku mvua kidogo. Nimerudi.

Kilichotukamata ni wateja wetu wenyewe. Watu waliotupenda walikuwa wanaleta majirani. Yule motari alikuwa shemeji ya jirani wa Maman Cibalonza kule Walungu. Siku moja wako kwa sherehe ya ubatizo, motari anafungua simu yake abadilishe kadi, na Maman Cibalonza anaona ku upande wa batri, pembeni, herufi ndogo za sindano: jina la bwana yake marehemu. Bwana aliisaini zamani, kwa fundi ingine, mbele hawajatujua. Mimi sikuiona.

Walikuja siku ya soko, yeye na shemeji zake wane. Hakupiga kelele. Aliweka batri juu ya meza akauliza: "Ni nani kati yenu?"

Na macho ya wote yalienda kwa Mugisho. Ilikuwa lazima. Yeye njo alishika bisibisi. Yeye njo alikuwa anainamisha kichwa. Mimi nilikuwa kinywa kizuri kinachouliza habari za watoto. Mugisho alishika batri, akasoma lile jina, akaigeuza. Kisha akaniangalia. Alielewa pale pale, niliona. Na alingoja. Hakunishitaki, alingoja tu niseme.

Nilisema: "Maman, tutachunguza."

Neno hilo njo lilimuua. Lingekuwa tusi lingekuwa afazali. "Tutachunguza" maana yake mimi niko safi, natafuta mwizi pamoja nanyi. Walipindua meza. Walimuvua Mugisho shati, wakafunga batri ku kamba, wakamuvalisha shingoni, wakamuzungusha soko lote la Kadutu, watu wanapiga mabidoni kama ngoma, wanaimba "mwizi wa batri." Alipita mbele yangu mara mbili. Mara ya kwanza aliniangalia. Mara ya pili hakuniangalia tena.

Ile wiki akaondoka na bibi yake na mizigo miwili. Hakuniaga. Na wateja, unajua walifanya nini? Walirudi. Walirudi wengi zaidi! "Papa Nsimire, pole. Afazali yule muovu ameondoka. Tulikuwa tunajua wewe hauwezi." Hata Maman Cibalonza alirudi. Nilimupa orijinali, niliitafuta mupaka nikaipata, na alinibariki kwa luga ya Mashi, mikono miwili juu ya kichwa changu. Mutoto wake alikufa shimoni mwaka uliofuata. Sijui waliongea mara ngapi kati ya pale. Sikuuliza.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa miaka kumi na tatu, na hapo katikati ulikua, ulisoma, ukapenda mafundi kuliko madaktari, ukajitafutia mwenyewe ufundi mu magrupu ya simu, na ndani ya wale mafundi wote wa Afrika ukamupata Mugisho. Ulikuja na lile jina. Alikuuliza wewe ni mutoto wa nani. Ukamuambia. Akakuandikia: "Kuja, nitakufundisha." Na wewe ukaja kuniambia hata mwizi anaweza kubadilika.

Nilitaka barua hii iishie hapa. Nilikuwa nimeshapanga: nitaiweka mu begi lako, usome ukifika, uchague mwenyewe kama utamuonyesha Mugisho ao utaichoma. Nilijiona mutu wa haki sana. Kisha nikaona kwamba ninafanya tena ile ile. Ninaweka kitu mubaya ndani ya chombo cha mutu anayeniamini, ninafunga mugongo, ninamupa aende nacho.

Basi nilimupigia. Ni saa moja sasa imepita. Nilijua pengine atasema usikuje, na safari yako nimeiua kwa mukono wangu, na nafasi kama hii hapa Bukavu, vile muji umekuwa, hautaipata tena. Alipokea. Nilisikia sauti za duka lake, mutu anauliza bei ya kava.

Nikasema: "Mugisho, ni mie. Zile batri ni mie niliyezitoa."

Kisha akasema, polepole, vile alikuwa anaongea: "Nilingojea ile neno miaka yote hii. Nilikuwa nafikiri siku itafika nitalia. Kumbe hapana."

Nikamuomba musamaha. Sijui nilisema nini, kile kinywa changu kilikauka. Aliniacha nimalize.

"Mutoto akuje," akasema. "Hana kosa. Atakula na watoto wangu, nitamufundisha yote mikono yangu inajua. Lakini wee, mulango yangu usiigonge. Hata kama ni kuja kumuona yeye."

"Hata akiolewa huko?"

"Hata akiolewa huku."

Nikasema ndiyo. Akakata. Hakukata kwa hasira, alisema kuna muteja anangoja.

Barua hii nakupa leo jioni, mukononi, kwa hiyo unajua sasa nyumba unayoingia ni ya nani, na iliyobaki nyuma ni ya nani. Sikupi shauri. Shauri langu moja ulilosikia tangu utoto, kwamba jina zuri ni mali, lilitoka ku kinywa hiki, ulipime wewe mwenyewe. Maman Cibalonza angali hai, amezeeka, anauzisha bado Walungu. Alhamisi nitaenda. Mama yako nitamuambia mbele ya hapo, usimuambie wewe.

Utasema utarudi likizo. Wote waliopita ule mupaka walisema hivyo, na mimi najua njia zetu. Basi kesho ku basi nitakushika muda murefu, kupita vile baba wa kwetu anashikaka binti yake mbele ya watu. Usione haya. Usinisukume. Hata kama shofa anapiga honi, mwana wangu, muache apige.

Papa